Juzi si Juzi: Kasoro ya Orodha Zetu za Maneno

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaoishi kati ya Dzaleka na Lilongwe, tukijifunza Kichewa, huandika orodha: upande huu neno la Kichewa, upande ule neno la Kiingereza lililotoholewa. Buledi, supuni, sitolo, bulangeti. Ukijua Kiingereza, tunaambiana, nusu ya kazi imekwisha. Sikubaliani.

Siku moja sokoni Kauma muuza mitumba aliinua sweta akaniambia, “Juzi!” Nikadhani ananieleza ilifika lini, nikamjibu kwamba hata ya jana ningeipenda. Soko zima likacheka. Juzi ndiyo sweta yenyewe, kutoka “jersey”. Neno hilo lilikuwamo kwenye orodha yangu, tena nimelipigia mstari! Lakini sikio langu lilisikia Kiswahili.

Orodha inatufundisha asili ya neno na kutuficha maisha yake. Buku kwa Mchewa ni kitabu. Kwa kijana wa Dar es Salaam ni shilingi elfu moja. Mkenya akisema stima anataja umeme, na hapa sitima ni meli au gari moshi. Tena neno likishakopwa huvikwa ngeli: “hospital” limekuwa chipatala, wingi zipatala, kama sisi tulivyolifanya “keep left” kuwa kipilefti, vipilefti. Hata Hong Kong, wasemaji wa Kikantoni huita duka dogo si-do, kutoka “store” ile ile iliyozaa sitolo. Mwingereza angepita bila kulitambua lolote.

Wapo watakaosema haya ni madogo. Ukiomba “bread” dukani unajibiwa kwa Kiingereza, na mazungumzo yanaishia kwenye bei. Ukisema buledi, kwa mdundo wao, unaulizwa habari za nyumbani. Mwaka 2023, Serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, niliona watu wakichunga matamshi yao ndani ya minibasi, wengine wakinyamaza safari nzima. Hapo orodha ingemfaa nani?

Daftari langu sasa halina safu ya Kiingereza. Mbele ya juzi nimeandika: ya kijani, mikono mirefu, baridi ya Juni, nilipunguziwa baada ya kuchekwa.