Pongezi kwa Wanaoosha Miguu

Ukitoka njia panda ya Tinde na kupita Shinyanga mjini, utafika Kolandoto, ambako wamisionari wa Africa Inland Mission waliwahudumia wenye ukoma kabla ya dawa mseto kupatikana. Wapo wanaosema kazi ya wageni wa kujitolea imepitwa na wakati, maana dawa ni bure tangu 1995 na huponya ndani ya mwaka. Sikubaliani nao. Dawa huua vimelea. Haimrudishii mtu hisia zilizokwisha potea. Mguu wenye ganzi hulowekwa kila siku, sugu ikakwanguliwa, ukapakwa mafuta ungali na majimaji, ukakaguliwa usije ukawa na mwiba. Kweli, mgeni huondoka. Ndiyo maana nampongeza zaidi aliyemwachia mwenyeji ujuzi huo, akaushika mguu ule bila kinyaa.