Shingo la Peasi

Resipe ni fasihi isiyo na mhakiki. Hadithi fupi ikitoka leo, kesho kuna mtu ameshaichambua na mwingine ameshamjibu. Lakini resipe, ambayo husomwa hata na watu wasiosoma kitu kingine chochote, hupita hivi hivi tu. Ukiipenda unaingia jikoni, usipoipenda unasonga mbele. Leo nataka kuisoma familia moja ya resipe jinsi tulivyofundishwa kusoma vitabu vya kuteuliwa kule sekondari: fani, maudhui, msimulizi, na pia nani amenyamazishwa. Familia yenyewe ni kokteli ya peasi ya majira ya vuli.

Kama hujawahi kukutana nazo, hutoka Marekani na Uingereza kila mwaka, kuanzia Septemba hadi Novemba. Huanza na aya ya hali ya hewa: majani yamegeuka rangi, giza linaingia mapema, sweta limetoka kabatini. Halafu wanaingia marafiki, kuna mishumaa, kuna jibini kwenye ubao. Baada ya hapo ndipo inakuja orodha: peasi, limau, asali, pombe (Bourbon, jini au vodka) na kiungo fulani. Mwishoni kipande chembamba cha peasi kinakaa ukingoni mwa glasi, na kijiti cha mdalasini kinasimama humo ndani kama mlingoti. Msimulizi ni yule yule kila mara, mwenyeji asiyetoka jasho.

Nazijua kwa sababu ni sehemu ya ugali wangu. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, nikisomea fasihi, karo ilipogoma. Tangu hapo naandika kwa ujira kwa wateja wa ng'ambo, kama vijana wengi wa Nairobi ambao wewe msomaji unawajua, au pengine wewe mwenyewe ni mmoja wao. Naandika, mteja analipa, jina linalotokea juu ya makala ni lake. Oda za vuli huja Julai, maana makala lazima yawe tayari kabla msimu haujabisha hodi. Na Julai ya Nairobi unaijua: anga la kijivu, baridi ya kuingia kwenye mifupa. Kwa hiyo naandika nikiwa nimevaa sweta langu la Julai, kuhusu sweta la Oktoba la mtu mwingine.

Tuanze na hilo neno, vuli. Watafsiri wetu hulitumia kwa ule msimu wa kaskazini wa majani kupukutika, na sina ugomvi nao, maana walihitaji neno. Lakini vuli ya Mswahili ni mvua. Ni zile mvua za Oktoba hadi Desemba, na kule Ukambani wakulima wengi huzitegemea kuliko mvua za masika. Vuli ya kule inafunga mwaka wa shamba: matunda yamevunwa, ardhi inaenda kulala. Vuli ya hapa inafungua: mtu yuko shambani anapanda kunde na mahindi. Hapa mjini kinachopukutika Oktoba ni maua ya jakaranda, na yakianguka barabara inapata rangi ya zambarau badala ya hudhurungi.

Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akiambiwa "ladha ya vuli" anapewa misimu miwili ndani ya neno moja. Mimi naona hilo linatusaidia, kwa sababu linatulazimisha kuuliza resipe inamaanisha nini hasa inapotaja msimu. Naamini haimaanishi hali ya hewa. Ina hoja, kwamba wakati unaondoka, kwa hiyo ita watu wako kabla haujaisha. Hoja hiyo ni nzuri na inaeleweka hata Umoja au Rongai. Tatizo ni kwamba waandishi wengi huitafuta kwenye majani, ilhali iko kwenye tunda.

Peasi ni tunda la ajabu kidogo. Embe unaweza kulisubiri juu ya mti liive. Peasi la Kizungu ukilisubiri mtini, nyama yake inakuwa na chembechembe kama mchanga na moyo wake unaanza kuoza. Huchumwa likiwa limekomaa lakini bado gumu, halafu huivia nyumbani, kwenye bakuli. Zaidi ya hapo, huiva kutoka ndani kuja nje. Kufikia siku ambayo tumbo lake ni laini ukiligusa, moyo ulishapita wakati wake. Ndiyo maana wakulima wa Oregon na Washington, majimbo yanayozalisha mapeasi mengi ya Marekani, huwafundisha wanunuzi kubonyeza shingo, pale karibu na kikonyo. Shingo likibonyea kidogo, tunda liko tayari. Ukichelewa siku mbili tatu, basi.

Hiyo hoja ya wakati kuondoka haihitaji mshumaa wala sweta. Imo ndani ya tunda lenyewe, na unaisoma kwa kidole gumba.

Hapa ndipo ninapopimia. Resipe nzuri ya kokteli ya peasi ni ile yenye shingo. Mahali fulani ndani yake pana sentensi inayokuambia namna ya kujua kwamba tunda limeiva, siku ngapi kabla ya wageni ulinunue, na ufanye nini likikawia (liweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, gesi inayotoka kwenye ndizi italiharakisha). Mtu aliyeandika sentensi hiyo ameshika peasi. Resipe mbaya haina shingo, ina mdalasini.

Sina chuki na mdalasini. Lakini hebu onja peasi bivu peke yake. Ladha yake ni ya chini, ina utamu wa maji, harufu kama ya ua, na ukali kidogo sana. Ni mtu mpole kwenye mkutano. Sasa weka mdalasini, karafuu, kungumanga, sharubati ya karameli, kisha pakaza sukari kwenye mdomo wa glasi. Unakunywa nini hapo? Unakunywa keki. Ungetia tofaa, ungetia boga, ungetia maji matupu, mnywaji asingejua tofauti. Viungo hivyo hufanya kazi ile ile inayofanywa na majani ya rangi kwenye aya ya kwanza: vinatangaza msimu ili mwandishi asilazimike kuuonyesha. Kwenye darasa la fasihi tungesema mandhari imemeza mhusika.

Kuna kinywaji kimoja kinachofanya kinyume kabisa. Alsace na Uswisi hutengeneza pombe kali isiyo na rangi inayoitwa poire Williams, na katika baadhi ya chupa kuna peasi zima ndani, kubwa kuliko mdomo wa chupa. Wakulima hufunga chupa tupu kwenye tawi tunda likiwa bado dogo, nalo hukulia humo humo. Ndiyo, ni mbwembwe za kuuzia. Lakini mtu akiitazama chupa ile anaona miezi kadhaa imekaa ndani ya kioo, na hakuna aliyelazimika kumwandikia aya ya sweta.

Jina hilo la Williams lina kisa chake. Peasi hilo lilianzia Aldermaston, huko Berkshire nchini Uingereza, katika karne ya 18, na aliyelikuza ni mwalimu wa shule aliyeitwa Stair. Likafika kwa Richard Williams, mwenye bustani ya miche huko Turnham Green, naye akalisambaza. Likaitwa Williams. Miti ikavuka bahari. Mwanzoni mwa karne ya 19, huko Massachusetts, mtu aitwaye Enoch Bartlett akanunua shamba lenye miti hiyo, naye bila kujua ina jina gani akaisambaza kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1828 miche mipya kutoka Ulaya ilipofika ndipo watu wakagundua kwamba Bartlett ni yule yule Williams. Walikuwa wamechelewa. Mpaka leo Mmarekani hununua Bartlett, Mfaransa hunywa Williams, na mwalimu Stair hana hata juisi ya boksi.

Siwezi kusoma kisa hicho kwa utulivu, na nadhani unajua kwa nini. Kila mkono uliopokea tunda ulilipa jina lake, na wa kwanza ukasahaulika bila mtu yeyote kuiba kitu. Mambo yalienda tu kwa utaratibu wa biashara. Resipe husafiri hivyo hivyo. Huwa sijui aliyeniandikia "mfano wa kufuata" ni nani. Pengine ni msichana wa Manila aliyelipwa kidogo kama mimi. Yeye alinakili mtindo wa mtu, mimi nanakili wake, mteja anaweka picha yake akitabasamu na glasi mkononi.

Vivyo hivyo karafuu. Ile punje moja inayoelea juu ya kokteli inaweza kuwa ya Madagaska, Indonesia au Pemba, na mtu fulani alipanda mti akaichuma kabla haijachanua, kisha ikaanikwa juani. Resipe itakuambia mfugaji wa nyuki aliyetoa asali anaishi bonde gani. Karafuu haina kwao. Hutoka dukani.

Nirudi kwenye shingo. Mwaka jana nilimwandikia mteja mmoja resipe ya peasi, na kabla ya kuandika nikanunua mapeasi manne, nikayabonyeza siku tano mfululizo. Nikaandika sentensi tatu kuhusu shingo. Makala yalipotoka, aya ya majani ilikuwepo yote, neno kwa neno. Shingo lilikuwa limekatwa. Kwenye ujumbe wake aliniambia ni maelezo marefu na wasomaji wanataka hisia. Alinilipa kwa wakati, sina deni naye. Lakini kama mhakiki nina neno moja: alikata hisia, akabakisha majani.

Kwa hiyo nairudisha hapa, kwa jina langu, pamoja na kinywaji chake. Ni ya watu sita, na imefanyiwa majaribio katika nyumba ya chumba kimoja yenye blenda moja.

Chukua mapeasi matatu mabivu. Yamenye, toa mioyo, katakata. Yachemshe kwa moto mdogo dakika kumi pamoja na nusu kikombe cha maji, vijiko vinne vikubwa vya asali na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba kilichopondwa. Toa tangawizi, kamulia limau moja ili rangi isigeuke kuwa ya matope, saga, chuja, weka kwenye friji. Wageni wakifika, kwa kila glasi weka mililita 60 za uji huo wa peasi, mililita 45 za jini na mililita 20 za maji ya limau katika chupa ya jemu yenye barafu. Funga kifuniko sawasawa, tikisa mpaka mkono ugande, mimina, kisha ongeza soda isiyo na ladha. Kwa asiyekunywa pombe, badala ya jini weka chai ya rangi iliyokolea na kupoa. Kusema kweli, mara mbili sasa hiyo ya chai ndiyo imeisha kwanza.

Utaona hakuna mdalasini. Utaona pia kwamba mwenyeji anatoka jasho, maana kutikisa glasi sita ni kazi. Wape wageni chupa watikise wenyewe. Ile picha ya mwenyeji mmoja mtulivu aliyebeba sinia ni ya kwao, na sidhani hata wao wanaiishi. Kwetu mgeni huingia jikoni bila kualikwa na kuuliza kitunguu kiko wapi. Kinywaji hiki kinamfaa mgeni wa namna hiyo.

Na kama utafanya Oktoba, jua kwamba peasi unalonunua kwenye supamaketi ya Nairobi mara nyingi limetoka Afrika Kusini, ambako huvunwa miezi ya mwanzo wa mwaka, likakaa kwenye chumba baridi tangu hapo. Kwa hiyo vuli yake ilishapita kitambo, na ile ya kwetu ndiyo kwanza inanyesha. Bado kuna wakati mmoja tu ambao tunda lenyewe linaujua. Wageni wakija Jumamosi, nunua Jumatatu. Jumanne na Jumatano liache kwenye bakuli, usilifinye tumbo. Alhamisi asubuhi, kabla hujatoka, bonyeza shingo.