Oili Inapitia Wapi?

Mashine ya boti inayopoteza oili ya gia haimwambii mwenyewe. Inawaka kwa kamba kama ilivyowaka jana, inaingia gia, boti inaondoka. Oili yenyewe ni kidogo. Kwenye mashine ya nguvu-farasi 40, hizi zilizojaa pwani yetu, haifiki hata nusu lita. Lakini hiyo ndiyo inayolainisha gia tatu zinazopokea mzunguko wa shafti ya wima na kuupeleka kwenye propela, ndani ya kifuko cha aluminiamu kinachoshinda kwenye maji ya chumvi. Mpangilio wa shafti ya wima, gia na propela haujabadilika sana tangu Ole Evinrude aanze kuuza mashine zake Marekani mwaka 1909. Oili ikiisha, gia zinakula kavu. Maji yakiingia, beringi zinashika kutu boti ikiwa imelala ufukweni. Siku nahodha atakaposikia mlio, bei ya sili, ule mpira unaozuia oili kwenye shafti, imeshapita. Anaulizia bei ya giaboksi.

Pale Kunduchi yuko fundi ambaye watu humpelekea mashine za namna hii baada ya kuzipeleka kwingine kwanza. Ana spana zilezile walizonazo wenzake, tena baadhi zimechakaa. Anachowazidi ni kwamba hafungui kitu mpaka ajue oili inapitia wapi.

Kijana mmoja nahodha alimletea mashine iliyokwisha kubadilishwa sili za propela mara mbili, na oili ikawa bado inapungua.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba. Ehe, imefanyaje?”

“Inavuja, fundi. Tazama pale kwenye propela, panachuruzika nyeusi.”

Mzee akaigusa ile nyeusi, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akainusa. Ilikuwa nyepesi, ina harufu ya moshi. Oili ya gia ni nzito, inanata, na ina harufu kali ya salfa ambayo aliyewahi kuinusa hawezi kuisahau. “Hii si ya gia, mwanangu. Hii ni ya ekzosi.” Mashine hizi zinazochanganywa oili kwenye petroli hutoa moshi kupitia katikati ya propela, na oili isiyoungua hutoka nao, ikabaki inadondoka boti ikishatia nanga. Basi sili za mara zile mbili zilinunuliwa kwa sababu ya moshi.

Swali la pili likawa: oili inapungua tu, au inabadilika rangi? Wengi hudhani penye tundu la kutoa oili ndipo maji yanapoingilia, kwa hiyo viwili hivyo lazima viende pamoja. Si lazima. Mashine ikikimbia, oili hupata joto na hewa iliyomo ndani hutanuka, hivyo msukumo ni wa kwenda nje. Boti ikisimama, kifuko kinapoa ghafla majini na kuanza kufyonza. Mdomo wa sili uliokatika upande mmoja unaweza kuzuia maji vizuri kabisa na ukaachia oili, au kinyume chake.

Akaisimamisha mashine wima kwenye kigingi, ikalala hivyo usiku kucha. Nahodha hakufurahi, bamvua lilikuwa limekaribia na wenzake walikuwa wanapakia barafu. Asubuhi fundi akakata chupa ya maji ya kunywa, akaiweka chini, akalegeza skrubu ya chini peke yake, ile ya juu akaiacha imefungwa. Maji ni mazito kuliko oili. Kama yamo, usiku yameshuka na yatatoka ya kwanza. Lilitoka tone, halafu jingine, yote ya rangi ya asali. Ndipo akafungua ya juu ili hewa iingie, na oili ikashuka kwa mkondo mmoja. Kiasi kilichotoka kilikuwa kama nusu ya kinachotakiwa. Skrubu ya chini ina sumaku kwenye ncha. Akaifuta kwa kidole: ulikuwa unga mweusi laini usiokwaruza. Gia zilikuwa bado nzima. Hapo nadhani hata kijana alianza kumwelewa, maana alikaa chini.

Kazi inayofuata ndiyo inayonivutia kuliko zote, nayo ukiitazama kwa mbali utadhani hakuna kinachofanyika. Fundi alifunga kwenye tundu la juu mpira wenye pampu ndogo ya mkono na geji, akatia upepo kwa utaratibu hadi psi 10 au 14, kisha akaacha. Tairi la gari dogo linabeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukizidisha, unaweza kuisukuma nje sili iliyokuwa nzima, ukajitengenezea tatizo ambalo halikuwapo. Mshale ukatulia. Mafundi wengi wangeishia hapo. Yeye akaanza kuzungusha shafti kwa mkono, taratibu, robo mzunguko, akisimama kila mahali. Akaisukuma fimbo ya gia mbele na nyuma. Shafti ya wima ilipofika mahali fulani, mshale ukashuka kidogo. Akairudisha nyuma, ukatulia. Akaipeleka tena palepale, ukashuka.

Akafungua pampu ya maji, akatoa impela, akamimina povu la sabuni kuzunguka shafti. Vipovu vikatoka upande mmoja tu.

Huo ndio uvujaji mgumu kuliko wote. Gia zikizunguka kwa kasi hupandisha oili kwenye shafti ya wima. Ikipita kwenye sili za juu, inachukuliwa na maji ya kupoozea na kutokomea baharini bila kuacha alama kwenye propela. Ungeweza kubadilisha sili za chini mwaka mzima.

Lakini alipozitoa zile sili za juu, midomo yake ilikuwa laini, haijakatika. Fundi wa haraka angeweka mpya na kupokea pesa yake. Huyu alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma cha shafti, kutoka juu kwenda chini, kwa wepesi. Ukucha ukakwama. Palikuwa na mfereji ambao jicho halikuuona, uliochimbwa na mdomo wa sili ukisaidiwa na punje za mchanga na chumvi, na upande mmoja wa mfereji kutu ilikuwa imeanza kula vishimo. Sili mpya ingekaa kwenye mfereji uleule.

Dawa ya uhakika ni shafti nyingine. Hiyo haikuwapo pale, na iliyokuwapo Kariakoo ilikuwa ya bei ambayo nahodha hakutaka hata kuijadili. Basi akachukua msasa mlaini, akauchovya kwenye oili, akausugua kwa kuzunguka shafti, kamwe si kwa urefu wake, kwa sababu mkwaruzo wa urefu ni njia ya oili. Kisha akazikalisha sili mpya juu zaidi ya zilipokuwa za zamani kwa kama milimita moja, ili midomo ishike chuma kizima. Hazikuzama mpaka mwisho wa kikombe chake. Mtu asiyejua angesema amekosea, akazigonga zishuke.

Hakutia silikoni. Naomba niseme hapa kwamba silikoni imeua giaboksi nyingi katika pwani hii, kwa sababu inayobanwa ndani hukatika vipande na kwenda na oili. Badala yake alibadilisha washa mbili ndogo za skrubu, ambazo ni rahisi kuliko kikombe cha kahawa na ambazo karibu kila mtu huzirudia zilezile zilizokwisha kubonyea.

Akarudia upepo, akarudia kuzungusha. Mshale haukusogea. Ndipo akajaza oili ya namba 90, kutokea tundu la chini kwenda juu ili hewa itangulie kutoka, polepole, hadi tundu la juu lilipotoa oili isiyo na mapovu. Akasubiri kidogo, povu moja likapanda, akaongeza. Akafunga skrubu ya juu kwanza, maana hapo oili hukaa ndani kwa kunyimwa hewa, kisha akang'oa mpira wa kujazia kule chini na kuziba upesi. Lilimwagika tone.

Nahodha akauliza kama sasa amemaliza. Fundi akamwambia vitabu vya mashine nyingi vinataka oili ibadilishwe kila saa 100, lakini yake ailete bamvua likiisha, ailaze wima usiku, walegeze ile skrubu ya chini. Pesa ya ufundi akachukua nusu. Nyingine, alisema, ataidai siku hiyo wakishaona rangi.