Mshale Usiodanganya

Pikipiki nyingi zinazosubiri abiria wa kivuko pale Kisorya zina spidomita, ila haisomi. Mshale umelala kwenye sifuri tangu waya ulipokatika, na dereva anakisia mwendo kwa mlio wa injini. Kwa pikipiki mpya kutoka India au China, dashibodi nyingine inapatikana dukani. Kazi ipo kwa zile kongwe, Honda na Yamaha za miaka ya 1970 na 1980, ambazo vipuri vyake vimeadimika. Hizo zinamtaka fundi mwenye subira.

Fundi wa namna hiyo haanzi na dashibodi. Huinua gurudumu la mbele, akalizungusha kwa mkono huku akitazama ncha ya juu ya waya wa spidi. Waya ukizunguka, gurudumu na gia yake ni vizima. Ugonjwa uko juu. Usipozunguka, huenda umekatikia ndani ya ganda lake, au gia ya kwenye habu imelika meno. Mshale unaotetemeka nao una maana yake: mara nyingi waya umekauka au umepinda mahali. Hupakwa grisi kidogo, lakini sehemu ya juu huachwa kavu, kwa sababu grisi hupanda na waya hadi ndani ya spidomita na kuiharibu.

Kwa nini grisi kidogo tu ilete balaa? Spidomita ya aina hii inafuata kanuni ambayo Mjerumani Otto Schulze aliipatia hataza mwaka 1902. Waya huzungusha sumaku, na juu ya sumaku kuna kikombe cha alumini kilichounganishwa na mshale. Viwili hivyo havigusani kabisa. Sumaku inapozunguka huamsha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na kikombe huvutwa kuifuata; springi nyembamba mno hukizuia. Mwendo ukiongezeka, mvuto huongezeka na mshale hupanda. Grisi au vumbi la chuma likiingia katikati, kikombe huburutwa, na pikipiki inayotembea pole husoma kama inaruka.

Ugumu wa kwanza ni kuingia humo bila kubomoa. Spidomita nyingi za zamani hazina skrubu. Kioo kimebanwa na pete ya bati iliyokunjwa kiwandani. Fundi huinua ukingo wake kwa bisibisi ndogo, kidogo kidogo, akizunguka pete yote na kurudia, kama mvuvi anavyofumua wavu uliojisokota bila kukata uzi. Akilazimisha upande mmoja, bati linachanika. Mshale nao haung'olewi hivi hivi: kwanza anaweka alama mahali unapopumzika, kwani ukirudishwa pembeni kidogo tu, hesabu yote inapotea.

Baada ya kusafisha, hupima. Pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa bila kubadilika, kilomita moja inaisha kwa sekunde 60 kamili. Kwa mwendo wa 30 inachukua dakika mbili. Saa na mawe ya kilomita ya barabarani vinatosha, na siku hizi simu yenye GPS hurahisisha. Namba za kilomita zilizotembewa haziguswi. Fundi anayezirudisha nyuma ili pikipiki iuzike ameuza na jina lake.

Kuongeza geji kunataka busara zaidi. Pikipiki nyingi za miaka ile zilitumia umeme wa volti 6, na geji ya volti 12 ikifungwa humo haitasema kweli. Kama mfumo ni wa volti 12, geji ya volti ni nyongeza yenye faida: betri nzima iliyopumzika husoma karibu 12.6, na injini ikikimbia hupanda kuelekea 14. Isipopanda, chaji haifiki. Waya wake hupitishwa kwenye fyuzi, tena baada ya swichi ya ufunguo, isije ikanyonya betri usiku kucha. Lakini mteja akitaka geji ya mafuta, fundi makini hasiti kukataa kutoboa na kuchomelea tenki lililozoea petroli. Mvuke unaobaki unaweza kulipuka, na koki yenye rizavu inatosha.

Zamani, kwenye vumbi na mashimo, barabara yenyewe ilimpunguza dereva mwendo. Lami ya barabara ya Bulamba hadi Kisorya imeondoa kizuizi hicho. Kwenye lami laini sikio hudanganyika, na ndani ya makazi ya watu ukomo wa sheria ni kilomita 50 kwa saa. Kwa hiyo, mwenye pikipiki kongwe, ukimpelekea fundi dashibodi, usimhukumu kwa kioo kilichong'aa. Panda pikipiki, shika saa, pima kilomita moja, kisha mlipe.