Tone Kama Punje ya Mtama

Jirani yangu hapa Makongeni, Thika, huamka saa tisa na nusu alasiri. Anafanya zamu ya usiku katika kiwanda cha nguo, na hiyo ndiyo asubuhi yake. Wengine hupima sukari alfajiri. Yeye hupima saa hiyo, maana kinachotakiwa ni tumbo lililokaa saa nane bila chakula, jua liwe limechomoza au linatua.

Nimeketi naye mara nyingi nikiitazama mikono yake. Huanza kwa maji na sabuni, kisha taulo, mpaka vidole vikauke kabisa. Nanasi ndilo lililomfunza. Siku moja aliwamenyea watoto, akafuta kidole kwa spiriti, akajidunga: milimoli 9.8 kwa lita. Akanawa, akarudia: 6.3. Watafiti wa Japani walichapisha jambo hilohilo mwaka 2011: utamu wa tunda hung'ang'ania ngozi, spiriti haiuondoi, maji huuondoa.

Kisha huuteremsha mkono chini ya meza, damu ishuke. Hudunga ubavuni mwa kidole, si nchani, kwa kuwa ubavuni maumivu ni haba, na kesho itakuwa zamu ya kidole kingine. Hakikamui. Hukipapasa taratibu kutoka kiganjani, na tone likichomoza kama punje ya mtama, hukisogeza kitepe cha mashine ya kupimia, nacho hulinywa chenyewe. Ndani yake mna kimeng'enya kinachozua umeme hafifu kikikutana na sukari, na mashine husoma umeme huo. Joto na unyevu hukiharibu, ndiyo maana kikopo cha vitepe hufungwa kabla sindano haijashikwa.

Alipokwenda kununua mashine, kwenye kemisti aliulizia kwanza bei ya vitepe. Mashine hununuliwa mara moja, vitepe havina mwisho, na kila mashine hukubali vya kwake tu. Akauliza pia kama vitakuwepo mwezi ujao. Naliheshimu sana swali hilo.

Maabara ndiyo iliyomwambia yuko mpakani mwa kisukari: Shirika la Afya Duniani huuweka mpaka huo kati ya 6.1 na 6.9 tumbo likiwa tupu. Mashine ya nyumbani haiwezi kutoa hukumu hiyo. Hata iliyotimiza kiwango cha kimataifa cha 2013 huruhusiwa kupotoka hadi asilimia 15, hivyo sukari ya 6.0 yaweza kusomeka 5.2 leo na 6.8 kesho. Basi yeye hatetemeki kwa namba moja. Kila kitepe ni pesa, na kila kimoja hukipa swali: ugali na sukuma, kabla ya kula na baada ya saa mbili, wiki nyingine githeri, sahani ileile, halafu ugali tena, safari hii akitembea dakika ishirini baada ya kula.

Jana alinifungulia daftari. Ugali uleule: 8.9 alipokaa, 7.6 alipotembea. Pembeni ameandika alama ya kuuliza. Jumatatu anarudia.