Mbuni wa Mwituni

Wengi wanaotembea katika msitu wa Shimba Hills, kusini mwa Mombasa, hukipita kichaka hiki bila kukitupia jicho. Kina fito nyembamba na majani yasiyo na madoido, na kiangazi kikishika majani yote hupukutika. Kumbe ni ndugu wa kahawa tunayokunywa, tena buni zake hazina kafeini. Wataalamu wanakiita Coffea pseudozanguebariae. Kukitambua papo hapo, kwa macho, vidole na lenzi ndogo ya mkononi, ni ufundi ambao haupati sifa unazostahili.

Fundi huanzia kwenye jani. Majani yametoka mawili mawili, yakitazamana, na kingo zake hazina meno. Kati ya vikonyo viwili, pale vinaposhikana na tawi, pana kigamba kidogo cha pembetatu. Asiyekijua hukifuta kwa kidole akidhani ni uchafu; anayekijua ameshaingia katika ukoo wa kahawa. Shida ni kwamba ukoo huo una watu wengi. Ndugu zake wa jenasi ya Psychotria wamejaa msitu huohuo, na baadhi yao, ukiinua jani juani, huonyesha vidoa vyeusi vyenye bakteria ndani. Mibuni haina vidoa hivyo. Mingi yake ina vishimo upande wa chini wa jani, kwapani mwa mishipa, na ukivisogelea kwa lenzi huenda ukakuta utitiri wamejibanza humo. Mimi ningeweza kushinda asubuhi nzima nikitazama vishimo hivyo.

Ua ni gumu kulikuta. Vitumba vya maua hukaa vimelala ukavuni hadi mvua ivizindue, kisha maua meupe yenye harufu ya asumini yafunguke kwa pamoja na kunyauka upesi. Ukiliwahi, hesabu petali: Ixora, ambayo nayo imo katika ukoo huu, ina nne, mbuni una tano au zaidi.

Tunda ndilo hasa linaloamua. Likiiva huwa jeusi lenye zambarau, na hukomaa kama miezi miwili tu baada ya ua, ilhali kahawa ya arabika huchukua zaidi ya miezi sita. Likate: buni mbili zimelaliana upande wa bapa, kila moja na mfereji wake, uleule anaouona kila mkaanga buni. Hapo jenasi haina ubishi tena. Lakini pwani ya Afrika Mashariki ina mibuni mwitu kadhaa. Coffea costatifructa ina tunda lenye mbavu, na C. sessiliflora ina ua lisilo na kikonyo. Mwenye tawi lenye majani matupu, hata awe bingwa, ataandika “Coffea” na kuishia hapo, na kuishia hapo ni sehemu ya ubingwa wake.

Kuchanganya ni rahisi. Mtaalamu wa mimea João de Loureiro alikwishaeleza C. zanguebariae mwaka 1790, na kwa muda mrefu vichaka tofauti vya pwani viliwekwa chini ya jina hilo, mpaka Diane Bridson wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, alipoutenga huu wetu mwaka 1982, kwa kulinganisha matawi makavu yaliyohifadhiwa. Mwaka 2019 watafiti walipoipima mibuni mwitu yote duniani, spishi 124, walikuta 75 zimo hatarini kutoweka. Msitu unapofyekwa, anayejua kutofautisha vichaka hivi ndiye anayeweza kusema kilichopotea ni kipi.

Kwa hiyo matawi bado hukatwa, yakabanwa kati ya magazeti na kukaushwa. Kikaratasi kinachofungwa kwenye tawi hakina budi kuandikwa palepale: mahali, tarehe, udongo, urefu wa kichaka, na kwanza kabisa rangi ya tunda, kwa sababu likikauka halitakuwa na rangi ya kumwonyesha mtu.