Fundi wa Baipasi

Mbozi Mission imejua mafundi tangu zamani. Kabla Wamoravian hawajaanzisha misheni yao hapa mwaka 1899, Wanyiha walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe. Fundi ninayetaka kumsifu leo hafui chuma. Anatunza UPS, lile sanduku linaloshikilia umeme gridi inapoyumba, na katika kazi yake yote ninachokiheshimu zaidi ni jinsi anavyoijua baipasi.

UPS kubwa, za aina inayofaa maabara na vyumba vya upasuaji, hugeuza umeme mara mbili: unaoingia hufanywa wa mkondo mmoja, kama wa betri, kisha inveta huurudisha kuwa volti 230 zilizotulia. Ndiyo maana mashine hazishtuki radi za Novemba hadi Aprili zinapoutikisa umeme wa TANESCO. Lakini inveta ikizidiwa mzigo au ikipata hitilafu, swichi ya kielektroniki huipisha kando, na ndani ya milisekunde chache umeme wa gridi unakwenda moja kwa moja kwenye mashine; njia hiyo ndiyo baipasi. Hakuna kinachozimika. Ili hilo liwezekane, inveta hushinda mchana na usiku ikiifuatisha gridi, wimbi kwa wimbi. Jenereta chakavu ikipandisha na kushusha mwendo, inveta hushindwa kuifuata, na UPS hukataa kuhamia baipasi kwa utaratibu huo usiozima kitu.

Hapo ndipo penye hatari. UPS ikiwa kwenye baipasi, taa zinawaka, kompyuta zinafanya kazi, kila mtu ameridhika, na kumbe betri haziwalindi tena. Tarehe 1 Aprili 2024, Gridi ya Taifa ilipopata hitilafu, UPS yoyote iliyokuwa imesahauliwa kwenye baipasi ilizimika pamoja na gridi. Fundi mzuri akiingia chumbani huitazama kwanza ile taa ya njano inayoonyesha baipasi, kabla hata ya kusalimia.

Ipo pia baipasi ya mkono, ya matengenezo, na hii haimpendi mtu mwenye haraka. Fundi huanza kwa kuihamisha UPS kwenye baipasi yake ya ndani. Kabla ya kufunga swichi ya mkono, huweka ncha za mita kwenye pande zake mbili na kusubiri namba itulie. Ikisoma karibu na sifuri, pande zote zinakula chanzo kimoja. Anafunga, kisha anaitenga UPS na kuifungua. Ikisoma volti nyingi, huondoa mkono. Ukifunga swichi hiyo wakati inveta bado inalisha mzigo, gridi na inveta hukutana uso kwa uso, na sakiti za thamani huungua mara moja.

Kurudi nako kuna ufundi wake, na mimi hupima fundi hapo kuliko kwingine kote. Wengi hufunga kifuniko, wakaona taa zinawaka, wakaondoka. Huyu huhakikisha kwanza swichi ya mkono imefunguliwa, ndipo akarudisha mzigo kwenye inveta, halafu, baada ya kuwaarifu wenye chumba, anakata umeme wa kuingia kwa makusudi. Anasimama pale akitazama volti za betri zikishuka taratibu, betri zikiwa zimebeba mzigo. Zikihimili, anarudisha umeme na kuandika saa kwenye daftari.